Baridi kali na oili ya injini, kulanti, dizeli, betri na vitu vya nyumbani: kipi huganda, lini, na ufanye nini mapema

Weka chupa ya maji na chupa ya oili ya injini kwenye friza jioni, uzitoe asubuhi. Ya maji imevimba na kuwa ngumu kama jiwe. Ya oili ukiilaza, kilichomo kinasogea, ila kwa kujivuta. Wengi huishia hapo na kusema oili haigandi. Kugeuka barafu kweli haigeuki, lakini injini haingoji oili iwe jiwe ndipo iumie. Oili ikichelewa tu kufika kwenye beringi za krenki, chuma kinasagana na chuma, na ukishafika hapo kubadilisha oili hakukusaidii tena.

Neno letu kuganda linabeba mambo matatu yasiyofanana, na ukiyatenganisha utajua cha kufanya kwa karibu kila kimiminika ulicho nacho. Maji huganda kwa kugeuka barafu: yakifika nyuzi sifuri huanza kubadilika na kutanuka kwa takriban asilimia 9, na kutanuka huko ndiko kunakopasua chupa, mabomba na bloku za injini. Mafuta huganda kwa kuzidi kuwa mazito na kutoa nta mpaka yakome kutiririka; hayana nyuzi moja ya kusema hapa ndipo. Na maziwa huganda kwa kukatika, maji yakajitenga na vilivyomo. Rangi za maji, gundi, mayonezi na baadhi ya dawa huharibiwa na baridi kwa njia hiyo ya tatu, na hata vikiyeyuka havirudi vilivyokuwa.

Joto lote linalotajwa humu ni kwa nyuzi za Selsiasi.

Jaribio la siku mbili kwenye friza

Friza ya nyumbani iliyowekwa sawasawa hukaa karibu −18°C. Hicho ni kiwango kizuri sana cha kupimia oili, kwa sababu kinaangukia katikati ya mipaka ya oili za kawaida. Tafuta chupa ndogo angavu za plastiki zenye kifuniko cha kukaza, za mililita 100; oili mbili au tatu za namba tofauti, kwa mfano 5W-30, 15W-40 na 20W-50; kipimajoto cha friza; na saa ya simu.

1. Mimina mililita 50 za kila oili kwenye chupa yake, yaani nusu. Andika namba kwenye chupa yenyewe, maana kifuniko hubadilishana.
2. Kaza vifuniko, tia chupa zote kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, zisimamishe wima pamoja na kipimajoto. Mfuko usigusane na chakula.
3. Ziache saa 48. Saa 12 zinatosha kuzipoza, lakini nta huchukua muda kujipanga, na kupoa taratibu ndiko kunakoonyesha udhaifu wa oili. Sababu yake inaelezwa chini.
4. Toa chupa moja kwa wakati, uishike kwa kitambaa kikavu ili mkono usiipashe. Ilaze juu ya meza na papo hapo anza kuhesabu sekunde mpaka oili ifike kwenye shingo ya chupa.
5. Irudishe, toa inayofuata. Ukikawia dakika moja tu na chupa mkononi, unapima joto la chumba.

Utaona 5W-30 ikiwahi kufika na 20W-50 ikibaki nyuma waziwazi, uso wake ukiwa umeinama kama asali iliyolala. Tazama pia rangi. Oili iliyokuwa angavu ikiwa na ukungu hafifu, hizo ni chembe za nta zilizoanza kujitokeza. Ukitia chupa ya maji safi kwa kulinganisha, ijaze sehemu tisa kwa kumi tu. Na usishangae ukiikuta bado ni kimiminika chini ya sifuri, kisha ikajaa barafu laini kwa sekunde chache ukiigonga. Maji yaliyotulia na yasiyo na uchafu yanaweza kupitiliza sifuri kabla barafu haijapata pa kuanzia.

Petroli, tina na spiriti visiingie kwenye friza hata kwa kiasi kidogo. Mvuke wake hujaa ndani, na cheche ya swichi ya joto inatosha kuulipua. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, nayo isiwekwe kwenye friza ya chakula: ethilini glikoli ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo mtoto au mnyama hataikataa.

Namba iliyo kabla ya W

W kwenye kopo la oili inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. Ile ya baada ya kistari inaeleza tabia yake injini ikiwa moto. 5W-30 na 5W-40 zina ahadi moja wakati wa baridi.

Ahadi hiyo imewekwa na kiwango cha SAE J300, cha chama cha wahandisi wa magari, na ina vipimo viwili. Cha kwanza ni cha stata: oili isizidi uzito fulani ili stata iweze kuzungusha injini. Cha pili ni cha pampu, nacho hupimwa kwenye baridi ya nyuzi tano zaidi: oili isizidi mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa 60,000 mPa·s ili pampu iweze kuivuta. Ili upate picha ya namba hiyo, maji ya kawaida yana mnato wa karibu 1, na oili ya 5W-30 iliyochemka hadi 100°C ina karibu 10.

Huna haja ya kubeba jedwali. Kwa mpaka wa stata, toa namba ya W kwenye 35. Kwa mpaka wa pampu, itoe kwenye 40. Jibu ni nyuzi chini ya sifuri. Oili ya 10W: stata −25°C, pampu −30°C. Ya 0W: −35°C na −40°C. Ya 20W: −15°C na −20°C. Sasa rudi kwenye friza yako ya −18°C. Ile 20W-50 imeshavuka mpaka wa stata lakini bado haijafika mpaka wa pampu, ndiyo maana inasogea huku ikijikokota. Gari lenye oili hiyo asubuhi hiyo litalalamika kwa stata nzito, na mwenye gari atadhani betri imekufa.

Oili za namba moja tu, kama SAE 30 au SAE 40, hazina ahadi yoyote ya baridi. Kwa mashine inayolala nje kwenye baridi chini ya sifuri, ziepuke isipokuwa kitabu cha mashine kinazidai.

Kwenye karatasi ya maelezo ya oili utakuta pia kiwango cha mwisho cha kumiminika, mara nyingi namba ya kuvutia kama −39°C kwa oili ya 10W-30. Usiichukue kama ruhusa ya kuwasha gari kwenye joto hilo. Inasema tu kwamba oili iliyo ndani ya chupa ya maabara bado ilitikisika chupa ilipoinamishwa. Pampu inahitaji zaidi ya mtikisiko. Shika mpaka wa W, na ujiachie nyuzi tano za akiba: ukitarajia usiku wa −25°C, tumia 5W au 0W, na uhakikishe namba hiyo imo kwenye orodha ya mtengenezaji wa injini yako.

Shimo ndani ya sampo

Oili ya madini hutoka kwenye mafuta ghafi, na humo mna parafini, yaani nta. Kiwandani huondolewa nyingi lakini si yote. Joto likishuka, nta iliyobaki hujitokeza kama vijani vidogo vilivyo bapa, na vikiachwa vipoe polepole hushikana na kujenga wavu. Oili iliyonaswa ndani ya wavu huo inakuwa kama jeli. Kiongezwa cha kushusha kiwango cha kumiminika hakiondoi nta. Kinabadilisha umbo la vijani ili visishikane. Oili ya sintetiki ya aina ya PAO, iliyoundwa kwa kemia kiwandani, haina nta tangu mwanzo, na hapo ndipo inapoizidi ya madini kwenye baridi.

Chukua mtungi wa asali iliyokolea, uchote kijiko kimoja katikati. Shimo linabaki. Asali ya pembeni haikimbilii kulijaza. Ndivyo inavyokuwa ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini: pampu inavuta oili iliyo jirani na bomba la kunyonyea, shimo linabaki, oili ya pembeni haiteremki, na pampu inaanza kuvuta hewa. Stata ilizunguka vizuri, injini iliwaka, kila kitu kinasikika sawa, kumbe juu hakuna oili. Hii ni hatari kuliko oili nzito ya kawaida, kwa sababu oili nzito huizuia injini isiwake, na hiyo yenyewe ni kinga.

Jambo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa. Majira ya baridi ya 1980–81, katika mji wa Sioux Falls huko Dakota Kusini, Marekani, injini nyingi ziliharibika ingawa oili zake zilikuwa zimefaulu vipimo vya wakati huo. Vipimo vilipoza oili haraka. Usiku wa kule uliipoza taratibu, na jeli ikapata nafasi ya kujijenga. Ndipo kipimo cha pampu kikarekebishwa ili oili ipozwe polepole kwa karibu siku mbili kabla ya kupimwa, na ndiyo sababu ya zile saa 48 za friza.

Kuwasha injini kwenye baridi

Zima kila kinachokula umeme: taa, redio, feni ya joto. Kwenye gia ya mkono, kanyaga klachi, ili stata isilazimike kuzungusha na oili ya giaboksi. Piga stata kwa sekunde zisizozidi 10, kisha pumzisha dakika moja au mbili kabla ya kurudia. Stata hupata joto haraka sana ikizungusha injini nzito.

Injini ikiwaka, macho yawe kwenye taa ya presha ya oili. Inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikibaki kuwaka zaidi ya sekunde 10, au ukisikia mgongano wa chuma kutoka sehemu ya juu, zima. Usiongeze mafuta ukidhani mwendo utaisukuma oili. Mwendo unaongeza msuguano mahali pakavu. Njia iliyobaki ni kuipasha sampo: gari liingizwe mahali penye joto, au itumike hita ya umeme ya injini kwa saa mbili hadi nne. Moto wa mkaa au tochi ya gesi chini ya sampo umechoma magari mengi, na hata usipochoma gari, unaunguza oili iliyogusana na bati huku ya katikati ikiwa bado jeli.

Taa ikizimika, subiri nusu dakika hadi dakika moja, kisha ondoka taratibu bila kuvuta injini juu. Kuliacha gari likinguruma dakika 20 si kulitunza. Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko inayoweza kuchoma, na ile isiyochomeka huteremka kwenye kuta za silinda ikachanganyika na oili.

Kwa sababu hiyohiyo, usiyeyushe oili nzito kwa kuitia mafuta ya taa au petroli. Itakuwa nyepesi asubuhi, na mchana injini ikichemka itakuwa nyepesi kupita kiasi, na mvuke wake unaweza kushika moto.

Kuna tatizo lingine ambalo watu hulisahau, la maji ndani ya oili. Safari fupifupi haziifikishi injini kwenye joto la kukausha unyevu, na unyevu huo hujikusanya chini ya kifuniko cha kumiminia oili kama povu zito la rangi ya maziwa. Povu hilo likiganda ndani ya bomba la kupumulia la injini, presha inakosa pa kutokea na kusukuma oili nje kupitia sili au dipstiki. Ukiona povu, endesha gari mara moja kwa wiki angalau nusu saa likiwa limechemka sawasawa, safisha bomba la kupumulia, na ubadilishe oili mapema. Povu likiendelea kurudi huku kulanti ikipungua, hapo shuku gasketi ya silinda hedi.

Kulanti: nyingi mno nayo ni mbaya

Maji matupu ndani ya rejeta ni hukumu ya bloku usiku wa kwanza wa baridi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na ethilini glikoli huvumilia hadi karibu −37°C. Theluthi moja ya glikoli hufika karibu −18°C. Asilimia 60 hufika karibu −52°C. Mtu hufikiri basi aweke glikoli tupu. Glikoli tupu huganda karibu −13°C, na hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Usivuke asilimia 60.

Kupima, tumia refraktomita, kifaa kinachopima kulanti kwa mwanga. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, chota tone moja, liweke kwenye kioo chake, elekeza kwenye mwanga na usome mstari. Hidromita ya kuelea ni rahisi zaidi, ila husoma vibaya kulanti ikiwa na joto.

Kurekebisha ni hesabu. Tuseme mfumo unachukua lita 8 na una theluthi moja ya glikoli, nawe unataka nusu. Toa lita 2 na urudishe lita 2 za glikoli isiyochanganywa. Umeondoa theluthi mbili za lita ya glikoli, ukaweka lita mbili kamili: lita 2.67 zinakuwa 4. Kwa kuchanganya tumia maji yaliyotoneshwa, kwani chumvi za maji ya bomba huacha ukoko ndani ya rejeta. Na fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, si rangi. Kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa na kemia zinazogombana na kutoa tope.

Ukikuta barafu laini kwenye tangi la kulanti, usiwashe. Pampu ya maji haitazunguka vizuri, mkanda utateleza na kuungua, na injini itachemka kupita kiasi katikati ya baridi kwa sababu kulanti haitembei. Gari livutwe hadi penye joto, likae mpaka barafu iyeyuke yote, kisha tafuta uvujaji kabla ya kuondoka.

Dizeli

Petroli haikupi taabu. Hubaki kimiminika hata chini ya −40°C, na kinachoganda humo ni maji yaliyojipenyeza. Dizeli ina nta, tena kwa kiasi kikubwa. Dizeli ya majira ya joto inaweza kuanza kuwa na ukungu hata juu kidogo ya sifuri. Kabla haijaganda tangini, chembe za nta huziba chujio, kwa hiyo dalili ya kwanza ni gari linalowaka vizuri, likaenda dakika chache, likakosa nguvu na kuzima.

Kiwango cha Ulaya cha EN 590 hupanga dizeli kwa joto ambalo bado inapita kwenye chujio la majaribio: daraja A ni +5°C, F ni −20°C, na madaraja ya nchi za baridi kali hufika −44°C. Ukitoka sehemu ya joto kwenda ya baridi, fika na tangi karibu tupu, ujaze dizeli ya huko kabla ya kulala. Hilo linashinda dawa yoyote ya chupa. Dawa ya kuzuia nta nayo inasaidia, kwa sharti moja: itiwe dizeli ikiwa bado angavu. Ikishakuwa na ukungu umechelewa, kwa sababu dawa huingilia nta inapojijenga, haiyeyushi iliyokwisha kujijenga.

Iliyoganda inataka joto na chujio jipya. Ingiza gari ndani, subiri, mwaga maji yaliyo chini ya nyumba ya chujio, weka chujio jipya ukilijaza dizeli safi ya baridi, toa hewa kwenye mfumo. Kuongeza mafuta ya taa ni desturi ya zamani; kwenye injini za leo za presha kubwa pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayailainishi vya kutosha. Dizeli ya mimea hupatwa mapema zaidi: inayotokana na mawese inaweza kuanza kuganda kwenye joto la zaidi ya nyuzi 10 juu ya sifuri.

Betri

Asidi ya betri iliyojaa chaji haigandi mpaka chini ya −50°C. Betri hiyohiyo ikiisha chaji, asidi imebaki karibu maji, nayo huganda karibu −10°C. Kwa hiyo kinga ya betri dhidi ya baridi ni chaji. Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ni karibu robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Chini ya 12.4 usiiache nje usiku wa baridi kali, ichaji kwanza.

Hata iliyojaa hutoa karibu nusu tu ya nguvu zake kwenye −18°C, wakati ambapo injini inadai nguvu zaidi ili izunguke. Ndiyo maana ya herufi CCA kwenye betri: ampea inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye −18°C bila volti kushuka chini ya 7.2. Nunua kwa namba inayotajwa na kitabu cha gari, au iliyoizidi.

Betri iliyovimba pembeni, au iliyo na barafu ndani, usiibusti wala kuichaji. Sahani zake huenda zimepinda na kugusana, na gesi ya haidrojeni iliyonaswa hulipuka na kurusha asidi usoni. Iache iyeyuke penye joto la kawaida, ikague nyufa. Ikiwa na ufa hata mmoja, haifai tena. Betri za lithiamu za simu, baiskeli na vifaa vya fundi zina sheria yake: kuzitumia chini ya sifuri kunapunguza muda tu, lakini kuzichaji chini ya sifuri huziwekea madini ya lithiamu ndani, na madhara hayo hayafutiki. Ziache zipate joto la chumbani kwanza.

Kwenye gari limebaki dogodogo. Tangi la maji ya kioo lisiwe na maji matupu. Tia ya baridi yenye alkoholi, kisha endesha wipa mpaka maji ya zamani yatoke kwenye mipira. Usimwage maji moto kwenye kioo, kitapasuka. Pangusa mipira ya milango kwa silikoni. Breki ya mkono yenye waya wenye unyevu hushika ikaganda, hivyo kwenye tambarare acha gari kwenye gia. Mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya maji huwa mazito kwenye baridi. Badilisha kila miaka miwili. Presha ya tairi hushuka karibu bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za kushuka kwa joto.

Ndani ya nyumba

Bomba mara nyingi halipasuki pale barafu ilipo. Barafu inapokua ndani ya bomba huyasukuma maji yaliyobakia kati yake na mfereji uliofungwa. Maji hayana pa kwenda, presha inapanda, bomba linapasuka mahali palipo dhaifu, pengine mita kadhaa mbali. Ndiyo sababu kuacha mfereji ukidondosha tone tone kunasaidia, kwa kuwa presha inapata mlango. Bomba likishaganda, funga vali kuu, fungua mfereji, na uanze kupasha kwa kikausha nywele kutokea upande wa mfereji kurudi nyuma. Ukianzia katikati, unayeyusha maji yaliyozibwa pande zote mbili.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke chini ya −0.5°C, propani chini ya −42°C. Jiko likififia kwenye baridi huku mtungi ukiwa mzito, butani ndiyo iliyolala ndani. Tumia mtungi wa propani nje. Usipashe mtungi kwa moto kamwe.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, ya zeituni hupata ukungu ndani ya jokofu. Yote mawili hurudi salama yakipashwa. Asali haigandi barafu, ila kwenye joto la nyuzi 10 hadi 15 hufanya chengachenga upesi. Vinywaji vya alkoholi hutegemea nguvu yake: cha asilimia 40 hubaki kimiminika kwenye friza, lakini bia huganda karibu −2°C hadi −3°C na kopo lake hupasuka.

Rangi ya maji iliyoganda, iache iyeyuke chumbani kwa siku moja, koroga, kisha paka kwenye kipande cha ubao. Ikilala laini itumie. Ikiwa na chembe kama maziwa yaliyokatika, hakuna kukoroga kutakakoirekebisha. Gundi ya mbao ijaribu vivyo hivyo.

Dawa ndizo ngumu, kwa kuwa jicho haliambii kitu. Insulini iliyoganda hata mara moja na ikayeyuka inaweza kuonekana kama mpya, lakini haitabiriki mwilini. Itupwe. Isikae karibu na ukuta wa nyuma wa jokofu wala chini ya sehemu ya barafu, na unaposafiri kwenye baridi ibebe ndani ya nguo karibu na mwili, isiachwe garini wala kwenye begi la nje.